Kinachoweza Kungoja: Kutoka Meza za Forodhani Hadi Sinia ya Hafla

Ziko sambusa mbili zilizo ndugu kwa unga, kwa nyama na kwa viungo, lakini zisizolingana kwa umri: moja hutoka karaini ikatiwa katika kipande cha karatasi mkononi mwa mlaji aliyesimama pale pale akiingojea, na ya pili hupangwa katika sinia, ikafunikwa kawa, ikawasubiri wageni walioalikwa saa kumi alasiri nao wakafika saa kumi na moja u nusu, na hata walipofika wakawa na maamkizi marefu ya kutimiza kabla mkono wa kwanza haujanyooshwa. Mtu aliyezunguka Forodhani usiku wa sikukuu, akaonja hiki na kile hata akashiba kabla hajatambua kwamba ameshiba, aghalabu hurudi nyumbani na azma ya kuwaandalia wageni wake maakuli yale yale siku atakapokuwa na hafla. Na aghalabu azma hiyo humletea fedheha, si kwa kuwa hajui kupika, bali kwa kuwa aliuliza habari za viungo, za nyama na za mafuta, akasahau kuuliza habari za saa. Kitu hiki kinaweza kungoja muda gani baada ya kuepuliwa? Katika vitafunio vyote vya pwani yetu sijui swali lenye manufaa kuliko hilo, na ndilo nililolichukua mkononi kila nilipopita baina ya meza za Forodhani.

Bustani ya Forodhani, iliyo baina ya Ngome Kongwe na bahari katika Mji Mkongwe wa Unguja, ilitengenezwa zama za Sultani Khalifa bin Haroub kwa ukumbusho wa miaka 25 ya enzi yake, iliyotimia mwaka 1936, na kwa muda mrefu wenyeji waliijua kwa jina la Bustani ya Jubilii. Baada ya kuchakaa ilifanyiwa matengenezo makubwa na Amana ya Aga Khan ya Utamaduni, ikafunguliwa upya mwaka 2009, ikiwa na njia mpya, taa, na mahali pa wauza vyakula. Kila siku jua linapokaribia kuchwa, vijana wanaporuka ukutani na kupiga mbizi mbele ya kadamnasi, meza hupangwa, makaa huwashwa, na wapishi wakavaa kofia zao ndefu nyeupe. Lakini siku zake za fahari ni zile ambazo mji hufurika watu: sikukuu za Idi, mwezi wa Februari wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, na siku za tamasha la filamu la nchi za jahazi, lililoanza mwaka 1998, kwa kuwa matamasha hayo mawili yamezoea kufanyika ndani ya Ngome Kongwe, na hadhira inapotoka katika zile kuta nene hukutana uso kwa uso na moshi wa mishkaki. Kwa muziki na kwa filamu watu hukata tiketi. Kwa tamasha hili la tatu, lililo nje ya lango na lisilo na ratiba wala mgeni rasmi, hapana anayeulizwa chochote isipokuwa kama anapenda pilipili.

Kuonja kuna adabu yake, na adabu ya kwanza ni kutokula. Mgeni wa mahali hapa hukamatwa na meza ya kwanza, kwa sababu ya kwanza ndiyo yenye sauti kubwa, akajaziwa sahani ya kamba, ngisi na jodari kwa mara moja, akalipa asichokitarajia, na alipofika meza ya tano, penye kile ambacho wenyeji wenyewe wamekipangia foleni, tumbo lake halina nafasi tena. Mimi huzunguka duara zima mikono ikiwa nyuma. "Karibu mzee, pweza wa leo huyu, laini!" huniita kijana mmoja, nami humjibu, "Starehe mwanangu, nazunguka kwanza, nitarudi kwako inshallah," naye hucheka kwa kuwa ameshanijua, nami mara nyingi hurudi kweli. Katika mzunguko huo sitazami kilichopangwa kwa uzuri mezani, maana mishikaki ya samaki wengi waliokwisha pikwa, iliyopangwa rangi kwa rangi chini ya taa, ni pambo zaidi kuliko ahadi; natazama moto. Meza ambayo makaa yake yanapepewa bila kupumzika na chakula chake hakilali juu ya sahani, hiyo ina wateja wanaojua, na palipo na wateja wanaojua chakula hakipati muda wa kuzeeka. Adabu ya pili ni kuuliza bei kabla ya kushika, kwa maana kupatana juu ya kitu kilichokwisha ingia kinywani ni aibu kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Adabu ya tatu ni kwenda wawili au watatu mkagawana kila kitu. Na juisi ya miwa, ile inayokamuliwa mbele yako pamoja na tangawizi na ndimu, ibaki kuwa ya mwisho, kwa sababu utamu unaotangulia huua hamu ya yote yafuatayo.

Nianze na urojo, kwa kuwa asiyeujua urojo hajaijua Unguja. Chini kabisa ni mchuzi mwepesi wa manjano, uliotengenezwa kwa unga uliokorogwa na kuchemshwa pamoja na bizari na uchachu wa embe mbichi au ukwaju. Ndani yake hutiwa vipande vya viazi vilivyochemshwa, kachori, bajia, pengine yai na vipande vya mishkaki. Kisha juu hunyunyizwa chipsi nyembamba za muhogo, chatini ya nazi na pilipili kwa kadiri ya ujasiri wa mlaji. Ajabu ya bakuli hili ni kwamba lina vitu vinavyolegea na vitu vinavyokatika kwa sauti, na uzuri wake wote umo katika dakika chache ambazo hivyo viwili vinakaa pamoja kabla ya kimoja kukishinda mwenzake. Muuzaji hodari huulinda muda huo kwa wivu: hatii muhogo mpaka mkono wako uwe tayari kupokea. Niliwahi kuona urojo ukiandaliwa katika hafla ya watu wenye mali, umejazwa katika vibakuli vya kioo saa nzima kabla ya wageni, na kila bakuli lilikuwa na uji mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Hakuna kilichokosekana ndani yake ila wakati.

Ile inayoitwa piza ya Zanzibari ni habari nyingine. Donge la unga laini hutandazwa kwa viganja mpaka likawa jembamba, hutiwa nyama ya kima, kitunguu, yai na siku hizi jibini na mayonezi, hukunjwa pande nne na kukaangwa juu ya chuma kipana. Ni jamaa wa karibu wa mkate mayai wa Mombasa, na sioni uhusiano wake na Waitalia isipokuwa jina. Ikiwa moto ni ya kupendeza. Siku hizi hutengenezwa pia kwa ndizi na chokoleti, na watoto huishangilia; mimi nimeionja, nikamshukuru mpishi, nikaenda zangu kutafuta kahawa chungu. Kwa hafla haifai hata kidogo, kwa sababu ikishapoa unga wake hugeuka ngozi.

Wako wanaodhani kwamba haya mambo ya kuamsha hamu kwa tonge ndogo yameletwa na mahoteli, na sivyo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyefika pwani yetu mwaka 1331, alikaribishwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli, uliomiminiwa juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa. Lakini pembeni ya sinia hiyo palikuwa na maziwa ya mgando, na juu yake achari ya ndimu, mashada ya pilipili yaliyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na embe, na yeye akaandika kwamba wenyeji wakila tonge la wali hufuatisha kidogo katika hivyo vya chumvi na siki. Hicho ndicho kiamsha hamu, na kilikuwapo juu ya jamvi letu kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa kwa karne nyingi. Na msafiri huyo huyo, alipokuwa Bara Hindi katika dola ya Sultani Muhammad bin Tughluq, aliielezea sambusa kwa namna ambayo mpishi wa leo wa Malindi au wa Kibokoni angeitambua mara moja: nyama iliyokatwakatwa, ikapikwa pamoja na lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Kachori za viazi na chipsi za muhogo ni vijana mbele ya sambusa, kwani kiazi mbatata na muhogo, sawasawa na pilipili kali ya leo (si ile aliyoitaja Ibn Battuta), vilitoka bara la Amerika, na havikuweza kujulikana huku kabla Wareno hawajaanza kusafiri baharini baina ya mabara hayo.

Sasa tutoke bustanini tuingie jikoni, na tuanze na mzee wao, sambusa. Sambusa ndiyo malkia wa sinia kwa sababu, ikitengenezwa kwa haki, inaweza kungoja. Na isipotengenezwa kwa haki hakuna kitu kinachoaibisha upesi kuliko hiyo, kwa kuwa hulegea, ikatoa mafuta, na pembe zake zikafunguka mbele ya wageni. Adui wake ni maji, na maji hayatoki mbali: yamo ndani ya nyama na ndani ya kitunguu. Kwa hiyo nyama ya kima hupikwa peke yake kwa thomu, tangawizi, chumvi na ndimu, pasi na tone la maji wala nyanya, ikakorogwa mpaka ikakauka na kuachana chembe kwa chembe. Kisha hutiwa pilipili manga na bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, ikaenezwa katika sahani pana ipoe kabisa. Kitunguu hakipikwi. Hukatwa kidogo kidogo kadiri mkono unavyoweza, kikatiwa chumvi kidogo, kikaachwa mpaka kitoe machozi yake, kikakamuliwa katika kitambaa, ndipo kikachanganywa na nyama iliyokwisha poa, pamoja na kotmiri iliyokaushwa maji na pilipili mbichi. Mpishi mwenye haraka hukitia kitunguu katika nyama ya moto, na mvuke unaotoka hapo ndio utakaoitoboa manda, lile ganda la unga, saa moja baadaye, wakati yeye amekwisha sahau.

Manda yenyewe ni kazi ya subira, na siku hizi huuzwa tayari, wala simlaumu anayenunua. Lakini anayetaka kuijua ladha ya mkono na auandae unga wa ngano kwa maji na chumvi na mafuta kidogo, aukande mpaka uwe laini, akate madonge, asukume vijiduara, avipake mafuta na kuvinyunyizia unga, avipange vinne au vitano kimoja juu ya kimoja, avisukume vyote pamoja mpaka viwe duara moja pana, kisha avibabue juu ya chuma cha chapati kwa moto mdogo, upande huu na upande huu, bila kuvipa rangi. Vikiwa bado na joto huachanishwa jani kwa jani, na siri yote ya wembamba wa sambusa za bibi zetu imo hapo, kwani duara lililosukumwa peke yake haliwezi kufika wembamba huo bila kuchanika. Majani hukatwa vipande, yakafunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa ili yasikauke, hukunjwa pembe tatu, hujazwa bila kushindiliwa, na hufungwa kwa gundi ya unga na maji, pembe zote tatu zikihakikishwa, maana tundu dogo la pembeni ndilo mlango wa mafuta. Mafuta yawe mengi na moto uwe wa wastani: ukitia kipande cha manda, kishuke kidogo kisha kipande juu taratibu kikitoa povu dogo. Moto mkali huipa sambusa rangi kabla ya kuikausha, nayo ikipoa hulegea. Zikitoka karaini zisimamishwe katika chujio, zisilundikwe, wala zisifunikwe zikiwa moto, hata kama jirani amekuazima kawa nzuri ya rangi tatu.

Kachori huja ya pili, na wako watakaosema ni ya kwanza. Viazi huchemshwa na maganda yake, vikapondwa vikiwa moto, vikatiwa ndimu nyingi, chumvi, pilipili mbichi na kotmiri, vikafanywa mipira midogo. Hiyo huchovywa katika uji mzito wa unga wa dengu wenye bizari ya manjano na kukaangwa. Gamba lake si la kukatika kwa sauti tangu mwanzo, kwa hiyo halina la kupoteza, na ndiyo sababu kachori iliyopoa ni tamu karibu sawa na iliyo moto. Katlesi nazo, za nyama ya kima iliyozungushiwa viazi na kuchovywa katika yai, hustahimili vilevile. Bajia haziwezi: bajia za dengu au za kunde zina nusu saa ya uhai, baada ya hapo huwa kokoto, na anayezitaka katika hafla yake amweke mtu karaini asiondoke. Vivyo hivyo vitumbua, ambavyo kwa hakika ni vya asubuhi.

Mishkaki ndiyo kishawishi kikubwa, kwa sababu ndiyo iliyompendeza kila mtu Forodhani. Nyama ya ng'ombe isiyo na mishipa, iliyokatwa vipande vidogo, ikalazwa katika thomu, tangawizi, ndimu na papai bichi lililosagwa, hulainika kwa sababu utomvu wa papai hukata nyuzi za nyama. Lakini papai lisilale nayo usiku kucha, la sivyo asubuhi utakuta nyama iliyopoteza umbo, inayosagika kinywani pasipo kutafunwa. Kosa la wengi ni kuichoma mapema na kuipasha tena. Nyama ndogo iliyochomwa mara mbili ni adhabu. Ikiwa una ua au baraza iliyo wazi, peleka seredani nje, mkabidhi kijana mmoja wa nyumbani mwenye mkono mwepesi na kipepeo, naye awachomee wageni mbele ya macho yao. Utakuwa umeuchukua moto wa bustani ukauleta kwako, na wageni, ambao vinginevyo wangekaa kila mmoja kwenye kiti chake akimtazama mwenzake, watasimama kulizunguka seredani na mazungumzo yataanza yenyewe. Pembeni weka mkate wa ufuta, ule laini wa tui la nazi, uliokatwa vipande vya kidole, kwa kuwa hunyonya ule urojorojo wa nyama na hauna haraka.

Mwenye nyumba isiyo na ua asikate tamaa, ila aiache mishkaki, aandae kababu za kima zilizofinyangwa ndogo ndogo, naye hatalaumiwa na mtu.

Chatini zifuate sheria hiyo hiyo ya saa. Ya ukwaju, iliyochemshwa na sukari kidogo, chumvi na pilipili, hutengenezwa hata siku mbili kabla na huzidi kunoga. Ya nazi husagwa mwisho kabisa, kwani nazi mbichi katika joto la pwani huchachuka kabla ya kikao kumalizika. Achari ya ndimu au ya embe ni ya miezi, na iwepo kila mara, hata kwa kijiko kimoja tu katika kisahani.

Kiasi gani? Ibn Battuta anasema kwamba kila mtu aliwekewa sambusa nne au tano, lakini hao walikuwa watu wa karamu ya kisultani na wali wao ulikuwa ukiwangojea. Ikiwa baada ya vitafunio patakuja pilau au biriani, mimi huona vipande vitatu kwa kila mgeni vyatosha, kimoja cha nyama, kimoja cha viazi, kimoja cha mkate, na anayezidisha hapo anakuwa ameligombanisha sinia la kwanza na la pili. Ikiwa ni chai ya alasiri peke yake, hesabu sita, na uongeze vya wale ambao hawakualikwa, kwa maana kwetu hafla isiyo na mtu aliyefuatana na mtu haijatokea. Usipange vyote mezani kwa mara moja. Toa sinia dogo, lirudi tupu, litoke jingine, na kilicho na nyama kisikae nje zaidi ya saa mbili katika hali yetu hii ya joto.

Sambusa zilizobaki bila kukaangwa zipangwe katika trei zisigusane, zigandishwe, ndipo zitiwe katika mfuko. Na siku ya kuzitaka zisiyeyushwe kwanza, bali zitiwe karaini zikiwa bado ngumu, katika mafuta yasiyo makali, kwa sababu barafu ikiyeyuka juu ya manda kazi yote ya kukikamua kile kitunguu huwa imepotea bure.